Kutulia Si Kupona: Somo la Maradhi ya Akili na Dawa ya Lithiamu

Katika mambo ambayo ndugu zetu huyaleta mbele ya darasa, hapana lirudialo mara nyingi kuliko hili: mtu wa nyumbani amepatwa na wazimu, akapelekwa hospitali, akapewa dawa, akatulia mpaka akarejea kazini kwake na akili zake timamu. Kisha yeye mwenyewe, au mamake, au mkewe, akasema: "Amekwisha pona, dawa za nini tena?" Dawa zikaachwa. Baada ya miezi michache wazimu ukarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Hapo jamaa hugawanyika. Huyu husema kuwa dawa za hospitali si kitu, kwani lau zingekuwa dawa, maradhi yasingalirudi. Yule husema kuwa haya tangu mwanzo yalikuwa ni mambo ya mashetani, na kuwa aliyasema wala hakusikizwa. Mwisho wake mgonjwa hutiwa garini akapelekwa kwa mganga.

Tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili kwa utaratibu, kwa ushahidi wa wale waliolichunguza miaka mingi. Hatukukusudia kufanya kazi ya daktari, wala hakuna atakayejitibu kwa kusoma ukurasa huu. Tulilolikusudia ni kuwafahamisha wenye wagonjwa majumbani ni kitu gani wanachokitupa wanapozitupa dawa zile. Tutachukua dawa moja tu, nayo ni lithiamu, kwa kuwa khabari zake zajulikana tangu siku ya kwanza, na kwa kuwa ndani yake yamo masomo yote tunayoyahitaji: vipi dawa hujulikana kuwa ni dawa kweli, vipi dawa hugeuka sumu, na kwa nini mtu aliyetulia huenda akawa bado hajapona.

MARADHI YENYEWE

Maradhi ya akili si namna moja, kama vile maradhi ya tumbo yasivyokuwa namna moja. Tunayoyakusudia hapa ni yale ambayo madaktari wa leo huyaita baipola. Mwenye maradhi haya huwa na hali mbili zinazopokezana.

Hali ya kwanza ni ya kupanda. Mtu hulala saa mbili au tatu tu na asione uchovu. Maneno humtoka mbiombio, hajamaliza hili akarukia lile. Hujiona tajiri, au shujaa, au mteule wa Mungu. Hutumia mali asiyokuwa nayo, huuza kiwanja kwa bei ya kutupa, hukopa kwa kila mtu. Na akizuiliwa hukasirika mpaka akapiga. Hali ya pili ni ya kushuka. Mtu yule yule hunyamaza, chakula hakipiti, kitandani hatoki, hujiona kuwa ni mzigo kwa watu wake, na aghlabu hutamani kufa.

Baina ya hali hizi mbili hupita muda, pengine wa miezi na pengine wa miaka, ambao mtu huyo yu sawa na mimi na wewe: auza dukani, asomesha watoto, ashauriwa na jirani zake. Muda huu wa baina ndio unaowahadaa watu. Akiwa ametumia dawa husema amepona kwa dawa; akiwa ametiwa hirizi husema amepona kwa hirizi; na lau asingefanyiwa lolote huenda angalitulia vile vile kwa muda, kwa kuwa hiyo ndiyo tabia ya maradhi yenyewe. Basi mwenye kutaka kujua dawa ya maradhi kama haya hawezi kutosheka na kuona kuwa fulani alipewa kitu akatulia. Sharti atafute njia nyingine ya kujua. Msomaji alishike neno hili, kwani tutalirudia.

Ama wale wasemao kuwa ni majini, tunawajibu kwa neno moja. Kuamini kuwa majini wapo ni jambo moja. Kudai kuwa mtu huyu mwenye wazimu amepandwa na jini ni jambo lingine, nalo lataka ushahidi kama dai lolote. Wazee wetu katika Uislamu hawakuwaacha wagonjwa wa akili kwa wapunga pepo tu. Mjini Cairo, katika maristani aliyoijenga Sultani Qalawun mwaka 1284, wagonjwa wa akili walikuwa na sehemu yao wakitibiwa pamoja na wagonjwa wengine. Asemaye kuwa kumpeleka mwenye wazimu hospitali ni desturi ya wageni, hajui khabari za watu wake.

ASILI YA DAWA

Lithiamu si majani wala si kitu kilichotengenezwa kiwandani kwa werevu wa watu. Ni madini, jamaa ya sodiamu iliyomo katika chumvi tunayokula. Iligunduliwa mwaka 1817 na Johan August Arfwedson wa Sweden, ndani ya jiwe, na jina lake limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya jiwe.

Aliyeileta katika matibabu ya wazimu wa kupanda ni daktari wa Australia aitwaye John Cade. Katika Vita Vikuu vya Pili alikuwa daktari wa jeshi. Singapore ilipoanguka mwaka 1942 alitekwa na Wajapani, akawekwa kifungoni Changi zaidi ya miaka mitatu. Aliporudi kwao alifanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Bundoora, karibu na Melbourne. Hakuwa na maabara ya fahari. Alifanya uchunguzi wake katika jiko la hospitali lililokuwa halitumiki tena.

Fikira yake ilikuwa hivi: huenda wazimu wa kupanda watokana na kitu fulani kilichozidi mwilini, na huzuni ya kushuka yatokana na kupungua kwa kitu hicho hicho. Akachukua mkojo wa wagonjwa akawadunga simbilisi, wale wanyama wadogo jamaa ya panya wasio na mkia. Katika kuuchunguza mkojo huo alihitaji chumvi inayoyeyuka upesi, akatumia chumvi ya lithiamu. Akashangaa kuona kuwa wanyama walitulia, wakalala chali bila ya kuhangaika. Wataalamu wengi waliokuja nyuma waona kuwa wanyama wale hawakutulizwa, bali walileweshwa na dawa iliyozidi kipimo. Na ile fikira ya kitu kilichozidi katika mkojo haikuthibiti. Lakini njia hiyo yenye makosa ndiyo iliyomfikisha mlangoni.

Cade kwanza aliinywa lithiamu yeye mwenyewe, aone kama ina madhara. Kisha mwezi wa Machi 1948 akampa mgonjwa wa kwanza, mwanamume wa miaka 51 aliyekuwa katika wazimu wa kupanda kwa miaka mitano mfululizo, mchafu, msumbufu, ambaye hakuna aliyekuwa na tamaa kuwa atatoka hospitalini. Baada ya majuma machache mtu huyo akatulia. Mwezi wa Julai akaruhusiwa kwenda kwao, akarudi katika kazi yake ya zamani.

Mwaka 1949 Cade aliandika khabari za wagonjwa wake katika jarida la madaktari wa Australia. Wagonjwa kumi wenye wazimu wa kupanda wote walipata nafuu. Wale wenye wazimu wa namna nyingine walipungua fujo tu, maradhi yao hayakuondoka. Na wenye huzuni, hali zao hazikubadilika. Tazama, ndugu msomaji, uaminifu huu: hakusema kuwa amepata dawa ya kila wazimu. Alitaja iliposaidia na alitaja isiposaidia. Mganga wa mtaani je, ulipata kumsikia akitaja walioshindwa kupona mikononi mwake?

SUMU NDANI YA DAWA

Yule mgonjwa wa kwanza, alipojiona mzima, aliacha kumeza dawa. Wazimu ukarudi, akarejeshwa hospitalini. Akapewa tena, akatulia tena. Lakini safari hii dawa ilikusanyika mwilini mwake ikawa sumu, na mwaka 1950 akafa kwayo. Cade alihuzunika sana, akaacha kuitumia kwa muda.

Mwaka ule ule wa 1949, ambao khabari njema ilitoka Australia, khabari mbaya ilitoka Marekani. Huko chumvi ya lithiamu ilikuwa ikiuzwa madukani badala ya chumvi ya kawaida, kwa watu wenye maradhi ya moyo na shinikizo la damu waliokatazwa chumvi. Watu wakaimwaga katika vyakula vyao bila ya kipimo, na miongoni mwao wakafa. Serikali ikaipiga marufuku, na madaktari wengi wakawa hawataki hata kulisikia jina lake.

Basi dawa hii ingalizikwa pale pale, lau watu wasingalifanya kazi ya kuipima. Edward Trautner na wenzake katika Chuo Kikuu cha Melbourne, mnamo 1951, walionyesha kuwa yafaa damu ya mgonjwa ichukuliwe ipimwe, ijulikane lithiamu iliyomo ni kiasi gani. Hii ndiyo siri yote ya usalama wa dawa hii. Leo madaktari hutaka katika damu iwemo milimoli 0.6 mpaka 1.0 kwa lita, kwa mgonjwa anayehifadhiwa asirejewe na maradhi. Ikipungua sana haifai kitu, ikipita 1.5 khatari imeanza: mikono hutetemeka kwa nguvu, mtu hutapika, huharisha, huyumba kama mlevi, ulimi huwa mzito, na asipowahiwa huzimia na huenda akafa. Baina ya dawa na sumu pana upenyo mwembamba, na mlinzi wa upenyo huo ni kipimo cha damu.

Kwa hivyo anayempa mgonjwa vidonge vya mwenziwe kwa kuona maradhi yao yafanana, au anayemuongezea kimoja kwa kuwa usiku huu amezidi, au anayenunua dukani bila ya kupimwa, mtu huyo hachezei dawa, achezea roho. Kadhalika dawa hii huweza kuathiri figo na tezi iliyo shingoni ikitumiwa miaka mingi, na hiyo ni sababu ya pili ya kupimwa mara kwa mara. Mwanamke mwenye mimba au anayeikusudia, sharti amuulize daktari kabla.

VIPI TWAJUA KUWA NI DAWA

Sasa twarudi kwa lile neno tulilomtaka msomaji alishike. Tumesema kuwa maradhi haya hutulia yenyewe kwa muda. Je, Cade alijuaje kuwa wagonjwa wake walitulizwa na lithiamu, si kwa kufika muda wao wa kutulia? Kusema kweli, hakuwa na njia ya kukata shauri kabisa. Alikuwa na dalili yenye nguvu, lakini dalili si hukumu.

Aliyeikamata kazi hiyo ni Mogens Schou wa Denmark. Mwaka 1954 yeye na wenzake walitoa matokeo ya jaribio waliloligawanya wagonjwa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa lithiamu na wengine vidonge bandia visivyo na dawa ndani yake. Sababu ya vidonge bandia ni hii: mtu akimeza kitu akiamini kuwa ni dawa, huenda akajiona ana nafuu, na daktari akijua nani kapewa nini, huenda jicho lake likaona alipendalo. Ukimficha mgonjwa na ukamficha anayemtazama, macho ya wote wawili huwa sawa.

Kisha Schou na mwenzake Poul Christian Baastrup wakaona jambo kubwa zaidi: kwamba lithiamu haikutuliza wazimu uliokwisha kuja tu, bali mgonjwa akiendelea nayo akiwa mzima, maradhi hayaji, au huja kwa nadra na kwa udhaifu. Mwaka 1967 wakatangaza khabari za wanawake 88 waliofuatwa kwa miaka.

Hapo wataalamu wawili wa London, Barry Blackwell na Michael Shepherd, wakasimama mwaka 1968 wakasema kuwa hilo halijathibiti. Hoja yao ilikuwa ndiyo ile ile: maradhi yanayokuja na kuondoka yenyewe hayawezi kuhukumiwa bila ya kuwalinganisha wanaotumia na wasiotumia. Isitoshe, Schou alikuwa na ndugu yake wa tumbo moja mwenye maradhi ya huzuni yaliyokuwa yakimrudia, aliyenusurika kwa dawa hii. Na Schou alipolitaja hilo, wapinzani wake walimuona kuwa ni mtu wa mapenzi, si wa mizani.

Je, Schou alifanya nini? Alijibu kwa jaribio. Waliwachukua wagonjwa 84 ambao walikuwa wamekwisha kutumia lithiamu mwaka mzima au zaidi nao wametulia. Kwa bahati nasibu, 45 wakaendelea na lithiamu, na 39 wakapewa vidonge bandia vinavyofanana navyo. Hesabu ilitazamwa hatua kwa hatua, ili jaribio likome mara jawabu litakapodhihiri. Katika miezi mitano, miongoni mwa wale 39 walioondolewa dawa, 21 walirejewa na maradhi. Miongoni mwa wale 45 walioendelea, hakurejewa hata mmoja. Khabari hii ilitoka mwaka 1970, na mwaka huo huo Marekani, iliyokuwa imeipiga marufuku chumvi ile, ikaikubali lithiamu kuwa ni dawa ya wazimu wa kupanda.

Twamuomba msomaji asimame hapa kidogo. Wale wagonjwa 84 wote walikuwa wametulia. Lau ungaliwaingia nyumbani ungaliona watu wazima, na jamaa zao wangalikwambia, "Amekwisha pona, dawa za nini tena?" Na katika muda wa miezi mitano tu zaidi ya nusu ya walioachishwa walianguka. Hili ndilo jawabu la ndugu zetu walioligawanya jambo nyumbani. Maradhi kurudi baada ya kuacha dawa si dalili kuwa dawa ilikuwa haifai. Ni dalili kuwa dawa ndiyo iliyokuwa imeyazuia. Ukuta ukibomolewa bahari ikaingia shambani, hapana mwenye akili asemaye kuwa ukuta ule haukuwa na faida.

KUJIUA

Khatari kubwa katika maradhi haya si fujo ya kupanda, bali ni ukimya wa kushuka, ambamo mtu hujiua. Mwaka 2013 wataalamu walikusanya majaribio 48 yaliyofanywa mahali mbalimbali juu ya lithiamu, wakaona kuwa waliopewa lithiamu walijiua kwa uchache sana kuliko waliopewa vidonge bandia. Jaribio lingine la Marekani, lililotangazwa mwaka 2022, kwa askari waliostaafu zaidi ya 500, halikuona tofauti baina ya walioongezewa lithiamu juu ya matibabu yao na walioongezewa vidonge bandia. Basi mjadala ungalipo juu ya nani hasa afaidikaye na kwa kiasi gani. Twalitaja hili kwa makusudi, kwani ilimu ya kweli haifichi linaloipinga.

Hapa kwetu Kenya watu wamekuwa wakificha jambo hili kwa aibu na kwa khofu ya sheria, kwa kuwa kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa ni mhalifu. Mwezi wa Januari 2025 Mahkama Kuu ya Nairobi ilihukumu kuwa kifungu hicho chapingana na Katiba. Dini yetu yakataza kujiua, nasi hatulegezi hilo hata kidogo. Lakini kulikataza tendo si kumfukuza mgonjwa. Aliyeelemewa na maradhi mpaka akayataka mauti ahitaji mtu wa kukaa naye usiku na wa kumpeleka kwa tabibu asubuhi. Hahitaji wa kumtukana.

MWEZI WA RAMADHANI

Swali hili latuhusu sisi kuliko watu wengine. Lithiamu hutoka mwilini kwa njia ya figo, na mwili ukipungukiwa na maji au na chumvi, figo huizuia lithiamu isitoke, ikapanda katika damu. Je, mwenye kuitumia afunge?

Madaktari Waislamu wamelichunguza. Mjini Casablanca, katika Ramadhani ya mwaka 1997, waliwafuata wagonjwa 20 wenye maradhi haya wanaotumia lithiamu. Karibu nusu yao, asilimia 45, walirejewa na maradhi, wengi wao katika juma la pili, na wengi kwa hali ya kupanda. Hali kipimo cha lithiamu katika damu hakikuwa ndicho sababu. Mjini Peshawar, Pakistan, uchunguzi wa wagonjwa 62 uliotangazwa mwaka 2010 uliona kuwa lithiamu katika damu haikubadilika kwa kiasi cha kutisha, na hali za wagonjwa hazikuharibika.

Mtu wa haraka atachukua uchunguzi umpendezao. Mtu wa ilimu atatazama yote mawili. Idadi ya watu ni ndogo katika yote mawili, na miji si mamoja kwa joto, kwa chakula wala kwa urefu wa mchana. Tena Ramadhani haibadili maji na chakula tu, hubadili usingizi. Watu hukesha, huamkia daku, na kukosa usingizi ni jambo lijulikanalo kuwa huweza kumpandisha mwenye maradhi haya. Huenda kilichowaangusha wale wa Casablanca ni usiku, wala si mchana. Lakini hili ni la kudhania, halijathibiti.

Linalofahamika katika haya ni kuwa hapana hukumu moja ya kila mgonjwa. Mwenye kutumia lithiamu amwendee daktari wake kabla ya mwezi kuandama, katika Shaaban, damu ipimwe na saa za kumeza dawa zipangwe. Akiambiwa afunge, afunge kwa kunywa maji ya kutosha usiku na kuulinda usingizi wake. Akiambiwa asifunge, basi mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake, wala hakuna mwenye haki ya kumtazama kwa jicho la lawama. Anayelificha gonjwa lake ili watu wamuone amefunga, kisha akaacha dawa kwa kuwa saa zake zimegongana na saumu, huyo hakuitukuza saumu. Ameidhulumu nafsi yake. Na maimamu wetu walitaje jambo hili mimbarini, kwani wako waliokaa safu ya mbele wanaolihitaji nao hawathubutu kuuliza.

YATUPASAYO

Kwanza, mwenye mgonjwa asiache dawa kwa kuwa mgonjwa ametulia. Akiona pana sababu ya kuacha, kama vile madhara ya figo, au mimba, au mgonjwa mwenyewe kuchoka, alipeleke hilo kwa daktari. Dawa hii haikatwi ghafula, bali hupunguzwa kidogo kidogo.

Pili, asikose siku ya kupimwa damu. Anayemeza bila ya kupimwa ni kama nahodha aendeshaye chombo usiku katikati ya miamba bila ya kupima kina.

Tatu, ajihadhari na mambo yanayoipandisha lithiamu: kuharisha na kutapika, jasho jingi la kazi ya juani, kuacha chumvi ghafula, dawa za kuongeza mkojo, na baadhi ya dawa za maumivu kama aibuprofeni. Akiugua malaria au tumbo, amwambie kila anayemtibu kuwa anatumia lithiamu.

Nne, mgonjwa asifungwe minyororo, asipigwe, asitiwe moshi puani, wala asinyimwe chakula kwa jina la kumtoa shetani. Anayetaka kumsomea Qur'ani mgonjwa wake, na amsomee. Kisomo hakikugongana na kidonge wala kidonge hakikugongana na kisomo. Lakini yule anayemwambia mgonjwa atupe vidonge ndipo kisomo kifanye kazi, huyo ameongeza sharti lisilokuwemo, na mgonjwa akiangamia yeye atakuwa ni mshirika.

Tano, tujifunze kuuliza swali ambalo Blackwell na Shepherd walimuuliza Schou: umejuaje? Tumuulize muuza dawa za kienyeji, tumuulize mwenye kombe na hirizi, na tumuulize daktari vile vile. Ni wangapi waliopewa? Ni wangapi walioanguka? Na wale wasiopewa ilikuwaje? Mwenye dawa ya kweli hakasiriki kwa swali hili. Schou aliulizwa, wala hakutukana. Alifanya kazi miaka miwili, akaleta jawabu la watu 84.

Ndugu zetu, siku hizi pana mtu mtaani kwenu aliyetulia. Yuko dukani, au shuleni, au msikitini, na hamumjui, kwa kuwa kila usiku humeza vidonge vyake na kulala. Utulivu wake si bahati, ni kazi, naye huifanya kila siku kimyakimya. Basi asimtokee mmoja wetu kumwambia, kwa mapenzi au kwa ujinga, kuwa sasa amepona na aache.

Wabillahi tawfiq.